Upungufu Halali

Mbwa alifika na mizigo mingi kuliko bibi harusi. Alishushwa kwenye gari la Mama Bima saa nne asubuhi, siku ya Jumamosi, akafuatiwa na godoro lake, blanketi lake, mabakuli mawili ya chuma yanayong'aa, mfuko wa chakula kikavu wa kilo kumi na tano, na karatasi ya maelekezo iliyotiwa plastiki isilowe. Mizani alikuwa amesimama mlangoni kwake tangu saa tatu, amevaa shati lake la kazini, ingawa kazi yenyewe ilikwisha mwaka uliopita. Aliipokea ile karatasi kwa mikono miwili, kifua mbele, kama mtu anayekabidhiwa barua ya kupandishwa cheo.

Huyu Mizani alikuwa mtunza stoo wa shule ya bweni kwa miaka ishirini na miwili. Wapishi wa shule ndio waliompa hilo jina kwa kumsimanga, yeye akalichukua kuwa sifa. Hakuna punje ya maharage iliyokwenda jikoni bila kupita mbele ya macho yake, na hata sasa, akiwa hana stoo wala funguo, alikuwa na mizani ndogo juu ya kabati ambayo aliitumia kupimia sukari ya chai. Mkewe alikuwa mpishi wa Mama Bima, meneja wa kampuni ya bima, na huu ulikuwa mwaka wake wa kumi na moja katika jiko lile. Mshahara wa mkewe ndio uliokuwa ukiilisha nyumba. Mizani hakupenda kulisikia likisemwa hivyo, kwa hiyo nyumbani walikuwa wakiuita mshahara wetu.

"Mimi nasafiri mwezi mzima kikazi," Mama Bima alisema, akiwa amesimama katikati ya sebule kwa sababu kiti kizuri kilikuwa kimekwisha kukaliwa na godoro la mbwa. "Nyumba inapakwa rangi, na huyu hawezi harufu ya rangi. Nyonga yake mbovu. Daktari anataka kumpasua, lakini hamgusi mpaka apungue. Sasa hivi ana kilo thelathini na sita. Nikirudi nataka thelathini na nne, au chini ya hapo. Akizidi, hakuna upasuaji, atabaki wa kuburuta miguu maisha yake yote." Halafu akamgeukia mke wa Mizani. "Dada, nakuamini wewe."

"Usiwe na wasiwasi, mama," alisema mkewe.

Mizani alikuwa amekwisha kuisoma karatasi mara mbili. Asubuhi, nyama mbichi, gramu mia nne. Jioni, chakula kikavu, gramu mia moja. Mabaki ya mezani marufuku. Nyama ilikuwa imekwisha kulipiwa buchani, ya mwezi mzima, na kazi yao ilikuwa kuifuata kila baada ya siku mbili.

"Mama, umemleta mahali pake," alisema. Hakuna aliyemuuliza, lakini alisema. "Mimi kwenye gramu ndiko nilikozeekea."

Mama Bima alimtazama mara moja, kwa adabu, kisha akaendelea kumwelekeza mkewe.

* * *

Mkewe alikuwa akitoka alfajiri kwenda kuwasimamia mafundi wa rangi na kuwapikia, akirudi saa kumi na moja jioni. Kwa hiyo mbwa, ambaye nyumba ilikwisha kumpa jina la Mgeni, alikuwa wa Mizani. Jumatatu asubuhi, zamu yake ya kwanza, alitandika gazeti mezani, akaweka mizani yake juu, akaipuliza vumbi, akaanza kupima. Nyama ilikuwa steki tupu, nyekundu, haina mfupa wala mafuta. Kitinda mimba wake, msichana wa miaka kumi na mitano ambaye ulimi wake haukuwa na breki, alisimama pembeni na sare zake za shule akinywa chai ya rangi.

"Baba," alisema, "huyu anakula kwa gramu. Sisi tunakula kwa kukisia."

"Huyu ni mgonjwa."

"Na mimi nikiugua nitapimiwa?"

"Maliza chai uende shule."

Binti aliondoka. Mizani alibaki na ile nyama, na Mgeni akabaki anamtazama Mizani, mate yanamtiririka kwa utaratibu kwenye sakafu. Katika nyumba ile nyama ilikuwa inakuja mwisho wa mwezi, na miezi ya siku hizi ilikuwa inachelewa sana kwisha. Mizani alikata kipande cha mwisho, sindano ikatulia kwenye mia nne kamili. Akaitazama. Hapo ndipo mkono wake ulipoikumbuka kazi.

Katika stoo ya chakula kuna kitu kinaitwa upungufu halali. Gunia la mahindi likikaa, hukauka. Unga ukihamishwa, humwagika. Panya nao wana familia. Kwa hiyo taratibu za shule zilimruhusu mtunza stoo aandike kilo mbili katika kila mia kuwa zimepotea, na hakuna aliyemuuliza zimepotelea wapi. Mizani alikuwa hodari. Stoo yake haikuvuja, panya wake walikuwa wachache, na upungufu wake wa kweli haukuzidi kilo moja. Ile kilo ya pili ilipotea vilevile, kwa upole, na watoto wake walikua kwa upole huo. Katika miaka yote ishirini na miwili hakuwahi kujiita mwizi. Mwizi, kwa maelezo yake, ni yule anayeandika tatu.

Mbili katika mia, kwa gramu mia nne, ni gramu nane. Kipande cha kujaa kijiko. Alikiondoa, akakitia kwenye kopo, akalisukuma kopo ndani kabisa ya sehemu ya barafu ya friji. Lakini Mizani hakuwa mtu wa kuacha hesabu ikining'inia. Karatasi ilisema gramu mia tano kwa siku, na mia tano lazima zitimie, la sivyo angekuwa anampunja mgonjwa. Kwa hiyo alipima gramu nane za chakula kikavu, akazichanganya na nyama kwenye bakuli. Hesabu ikafunga. Mgeni alikula yote, akalilamba bakuli mpaka likasogea ukutani, kisha akaja kuweka kidevu chake juu ya kiatu cha Mizani. Mizani alijisikia mtu mwema sana.

Gramu nane hazikudumu. Siku ya tatu aligundua kuwa nyama mbichi inatoa maji, na maji si nyama, kwa hiyo upungufu wake ni mkubwa kuliko wa maharage. Akaupandisha hadi arobaini. Siku ya sita alikumbuka kuwa mbwa huyu anatakiwa kupungua, na kila mtu anajua kinachonenepesha ni nyama. Chakula kikavu ni vipunje tu, vikavu, vyepesi, vinalia chakachaka kama mbegu. Kumpunguzia nyama ilikuwa ni kumsaidia. Akaenda mia moja. Kufikia wiki ya pili alikuwa anakata nusu kwa nusu, mia mbili kwa Mgeni, mia mbili kwenye kopo, na pengo anajazia na vipunje, gramu kwa gramu, bila kukosea hata moja. Katika wizi wake hakuna mahali alipokosa uaminifu.

* * *

Buchani kulikuwa na foleni, na mwenye bucha alikuwa na sauti ya mnadani.

"Jamani, mpisheni mzee!" aliita, mara tu alipomwona Mizani anaingia. "Huyu amekuja kuchukua chakula cha mbwa, kimelipiwa!"

Watu waligeuka. Mwenye bucha alitoa kifurushi kilichofungwa vizuri, akakiweka juu ya kaunta. Mama mmoja aliyekuwa akisubiri mifupa ya supu alikitazama kile kifurushi, akautazama mfupa wake, akamtazama Mizani.

"Steki hiyo ni ya mbwa?"

"Ni dawa, mama," Mizani alisema. "Ana nyonga."

"Na mimi nina nyonga," yule mama alisema, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Mizani alicheka nao, maana kukasirika kungemfanya aonekane mwenye mbwa kweli. Alipokuwa anageuka kutoka, mwenye bucha akamwita tena.

"Na wewe mwenyewe mzee, nikupimie nini leo? Muda mrefu hujanunua."

"Sisi bado ipo," alisema Mizani. Njiani alijipongeza kwamba angalau hilo halikuwa uongo.

Jumapili ilikuwa siku pekee ya mkewe kupumzika. Jumapili ya kwanza kopo lilikuwa bado jepesi, akaliacha. Jumapili ya pili alimkataza kuingia jikoni, akapika mwenyewe. Alikaanga vitunguu mpaka jirani wa kulia akafungua dirisha, akatia nyanya, akatia ile nyama, akaifunika, akakaa juu ya ndoo akiilinda. Ilipofika mezani, mkewe aliinua kifuniko akakaa nacho mkononi.

"Baba watoto. Hii imetoka wapi?"

"Nimeona nikumbuke nyumba kidogo."

"Kwa hela ipi?"

"Mwenye bucha na mimi siku hizi tunaelewana."

Mkewe hakuuliza tena. Alitaka kuamini, na mtu anayetaka kuamini hana maswali mengi. Aliinamisha kichwa, akamshukuru Mungu kwa sauti kwa ajili ya chakula, halafu akamshukuru kwa ajili ya mume ambaye hata akiwa hana kazi hakuwaacha wake. Mizani alifumba macho kwa nguvu kuliko wote. Alipoyafumbua, Mgeni alikuwa amelala mlangoni, kichwa juu ya miguu, anamtazama yeye peke yake.

"Mbona huyu anakutazama hivyo?" binti aliuliza.

"Amenizoea."

Mkewe aliomba aongezewe. Hilo ndilo lililomwingia Mizani kuliko ile sala. Miaka yote ya ndoa yao mkewe alikuwa mtu wa kusema ameshiba kabla sufuria haijaisha, ili wengine wapate. Siku ile alisogeza sahani yake mbele mwenyewe, bila aibu, akacheka. Mizani alimjazia. Aliona kwamba hata kama kuna kosa mahali fulani, limekwisha kulipwa. Jumapili ya tatu akapika tena, na ya nne pia, na nyama ikawa nyingi zaidi.

* * *

Mama Bima alirudi siku ya Ijumaa, na Jumamosi mchana wakakutana kwa daktari wa mifugo. Mkewe alikuwa amevaa gauni lake la harusi za watu. Mizani alikuwa amelipiga pasi shati la kazini na kumpiga brashi Mgeni mpaka manyoya yakang'aa. Kweli mbwa alikuwa amejaa kidogo mbavuni, lakini Mizani aliona hiyo ni afya. Mizani yake mwenyewe ilikuwa inaishia kilo tano, na mbwa haingii.

Mzani wa daktari ulikuwa bamba la chuma lililolazwa sakafuni. Mgeni alipanda, akakaa, akapiga miayo. Namba zilihangaika kidogo, zikatulia.

"Thelathini na nane na nusu," daktari alisoma. Alikuwa kijana mwenye kalamu mbili mfukoni. Akamshusha mbwa, akampandisha tena. "Thelathini na nane na nusu."

Mizani aliona ni wajibu wake kuuliza.

"Mzani huu ulikaguliwa lini?"

"Panda wewe, mzee," daktari alisema kwa upole.

Mizani alipanda. Kwa miaka mingi alikuwa akijipima kwenye mzani wa magunia, na hakuwahi kuzidi sitini na tatu. Namba zilisema sitini na tano. Aliteremka, akasimama nyuma ya mkewe.

Mama Bima hakumtazama yeye wala mbwa. "Dada," alisema, "nilikuamini."

"Mama, sijui."

"Mimi najua. Ulimwonea huruma. Anakaa mbele yako anakutazama unakula, unamkatia tonge. Leo tonge, kesho tonge. Nilikuandikia, marufuku mabaki."

"Sijampa kitu, mama. Naapa. Hata tonge moja."

"Basi ameongezeka kwa upepo? Kilo mbili na nusu?" Sauti yake ilikuwa haijapanda, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Ungeniambia huwezi, ningemtafutia pengine. Sasa upasuaji hakuna, na mbwa hawezi kupanda hata ngazi tatu. Jumatatu usije. Nitakutumia haki zako."

Miaka kumi na moja ilimwagika pale sakafuni, mbele ya daktari na kalamu zake. Mkewe hakulia. Alishika mkoba wake kwa mikono miwili, akatafuta kwa macho mahali pa kutazama, akapata picha ya ukutani inayoonyesha meno ya farasi, akaitazama hiyo. Mizani aliona kuwa kimya chake kikiendelea hata kidogo tu, kitamla yeye mwenyewe mzima. Alipiga moyo konde. Lakini hata kwenye kupiga moyo konde alitafuta kwanza njia ya mkato.

"Mama, mke wangu hana kosa," alisema. "Mimi ndiye nilikuwa nakaa na mbwa. Mimi ndiye nilimwonea huruma. Nilikuwa nampa mabaki."

Alijisikia vizuri alipolisema. Lilikuwa kosa zuri, kosa la mtu mwenye moyo. Mama Bima alimgeukia kwa mara ya kwanza.

"Mabaki gani?" daktari aliuliza, kalamu tayari. "Ya nini? Kiasi gani kwa siku?"

Mizani aliangalia juu. Kabla hajapata jibu, mkewe aligeuka kutoka kwenye yale meno ya farasi. Hakuwa na nia ya kumuumbua mtu. Alikuwa anashangaa tu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akipakua na akiosha sufuria.

"Baba watoto," alisema, "sisi mabaki tunayatoa wapi?"

Uongo ule ulifia hapo hapo. Mizani aliwatazama wote watatu, kisha akamtazama mbwa, ambaye alitikisa mkia.

"Nilimpunguzia nyama," alisema.

"Ulimpunguzia?" daktari aliuliza. "Akanenepa?"

"Nilijazia na chakula kikavu. Gramu kwa gramu. Nikitoa mia mbili za nyama, naweka mia mbili za kikavu. Sikuzidisha hata moja."

Daktari aliweka kalamu chini. "Mzee, nyama mbichi sehemu kubwa ni maji. Kile kikavu maji yalishatolewa, kimebaki chakula kitupu. Gramu mia za kikavu zina nguvu kuliko gramu mia mbili za nyama. Unaweza kumchanganyia vyote viwili, hakuna ubaya, lakini huwezi kuvibadilisha kwa uzito." Akasita. "Wewe ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Mtunza stoo."

"Stoo ya nini?"

"Chakula. Shuleni."

"Kilo moja ya maharage makavu, ukiyachemsha, yanakuwa kilo ngapi?"

"Mbili na ushee," Mizani alijibu palepale, kwa sauti ya kazini, maana hilo ndilo somo la kwanza alilompa kila mpishi mgeni aliyeingia jikoni kwake kwa miaka ishirini na miwili. Halafu akalisikia jibu lake mwenyewe. Daktari hakuongeza neno, alikuwa na adabu. Mizani alitamani angeongeza, amtukane hata kidogo, ili asibaki peke yake na ujinga wa ukubwa ule.

"Na hiyo nyama," Mama Bima alisema polepole. "Uliyokuwa unaitoa. Ilikwenda wapi?"

Sakafu ya pale ilikuwa ya vigae vyeupe, imepigwa deki vizuri. Mizani alivihesabu vinne.

"Tumekula."

Hakumwangalia mkewe, lakini alijua alipogeuka. "Wao hawakujua," aliongeza haraka. "Mimi ndiye nilikuwa nadokoa na kupika. Mama watoto nilimwambia nimenunua."

Mama Bima alikuwa mtu wa kusikiliza visa vya watu, visa vya magari yaliyoibwa na maghala yaliyoungua, na uso wake ulikwisha kuzoea kutoonyesha kitu.

"Kila siku watu wananiletea madai ya uongo mezani," alisema mwishowe. "Hili lako nakuamini. Hakuna mtu anayeweza kujitungia aibu kama hii." Akachukua kamba ya mbwa. "Dada, Jumatatu njoo kazini. Wewe, baba, nyumbani kwangu usikanyage."

Mizani alisema asante. Hakujua anashukuru kitu gani, lakini alisema.

* * *

Walirudi kwa miguu. Mkewe alikwenda mbele hatua mbili, mwendo wake wa kila siku, na Mizani akafuata akijiandalia maneno. Aliyapanga vizuri, kwa mafungu, na kila alipotaka kuyatoa aliona yanafaa kwa mkaguzi wa hesabu, si kwa mke.

"Nisamehe," alisema mwishowe.

"Unajua mimi napika nyama kila siku?" mkewe alisema bila kugeuka. "Kila siku ya Mungu, miaka kumi na moja. Nakata, nakaanga, napakua. Nikionja chumvi, naonja kwa ncha ya kijiko, na nikishajua imekolea, siongezi. Wenzangu niliowakuta pale walikuwa wanaficha mapande kwenye mifuko ya plastiki. Walinicheka. Niliwaambia mimi siwezi, nyumbani nina mume anapima mpaka sukari, nikileta kitu kisichokuwa chetu nitamweleza nini."

"Mama watoto..."

"Nilikuwa nakuogopa wewe. Na sasa ndiyo nimeletewa mezani, nimekula, nimeomba niongezewe." Alisimama. Alitaka kuendelea kukasirika, lakini kicheko kilimtoka kwa nguvu, kibaya, kikachanganyika na kilio mpaka mwenye duka la soda akainuka kwenye kiti chake. "Nimemshukuru Mungu! Kwa sauti! Na mwenye nyama yuko mlangoni pale, anatusikiliza!"

Mizani naye alicheka kidogo, kwa woga. Akaona kicheko cha mkewe kimekwisha siku nyingi, chake kimebaki peke yake njiani. Akakimeza.

Nyumbani, binti alisimuliwa kwa ufupi, akasema ndiyo maana yule mbwa alikuwa anawatazama vile. Hakuna aliyemkemea.

* * *

Jumatatu mkewe alikwenda kazini. Saa kumi na nusu jioni Mizani aliondoka kwenda kumpokea, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku moja. Kwa kuwa alikatazwa kukanyaga, alisimama ng'ambo ya barabara, kwenye kivuli cha ukuta wa watu, akijifanya anasubiri mtu mwingine.

Geti dogo lilifunguliwa, mkewe akatokea. Mlinzi alimsimamisha, kwa mara ya kwanza katika miaka yake kumi na moja pale. Walikuwa wanajuana, mlinzi yule kila mchana alikuwa anakula chakula kilichopikwa na mkono wake. Alisema jambo akiwa ameinamisha uso, na mkewe akauteremsha mkoba begani, akaufungua. Alitoa aproni iliyokunjwa. Alitoa kandambili zake za jikoni, kitana, na bakuli la plastiki analochukulia chakula cha mchana, limeoshwa. Akavipanga kimoja kimoja juu ya kiti cha mlinzi. Mlinzi akalifunua bakuli, akachungulia ndani, akalifunika.

Mizani aliijua kazi ile. Kila jioni kwa miaka ishirini na miwili, saa kumi na moja na robo, alisimama kwenye mlango wa jiko la shule na rula mkononi, na wale wapishi sita wanawake wakapanga mstari mbele yake, mikoba wazi. Aliinua vitambaa vyao kwa ncha ya rula. Aligongagonga mabakuli yao. Alikuwa na utani wake wa kila siku, na walikuwa wanaucheka. Mikoba yote alikuwa anaijua, ule wa bluu, ule uliokatika mkanda, ule wenye zipu mbovu. Lakini akijaribu sasa kukumbuka hata uso mmoja ulivyokuwa wakati ule, hakuupata, kwa sababu hakuwahi kuinua macho. Na mkoba wake yeye, aliokuwa akitoka nao baada ya wote, hakuna mtu aliyewahi kuufungua.

Safari hii aliutazama uso. Mkewe alikuwa anarudisha vitu vyake mkobani bila haraka, aproni kwanza, halafu kandambili, na alikuwa anatabasamu kidogo ili mlinzi asijisikie vibaya.

Alivuka barabara. Alimwona Mizani pale ukutani, hakushangaa. Mizani alinyoosha mkono ampokee mkoba. Mkewe aliukaza begani.

"Acha," alisema. "Leo hauna kitu. Wameshaangalia."

Akashika njia ya nyumbani. Mizani akamfuata nyuma, mikono mitupu, hajui aiweke wapi.